Moyo Unaruka Pigo: Nifanyeje Mazoezi Bila Hofu?

Moyo unaruka, halafu unadunda kwa kishindo. Kuna nini hasa?

Mara nyingi ni pigo lililowahi kabla ya zamu yake. Kila pigo la moyo huamrishwa na umeme unaoanzia sehemu maalumu iliyo juu, upande wa kulia wa moyo. Mara mojamoja seli za mahali pengine hutoa umeme wao mapema. Pigo hilo huwa hafifu kwa sababu moyo haujajaa damu, na pengine hulihisi kabisa. Baada yake hufuata kimya kifupi, na hapo ndipo watu husema "moyo umesimama". Katika kimya hicho moyo hujaa damu kuliko kawaida, kwa hiyo pigo linalofuata huja kwa nguvu. Kile kishindo kinachokufanya ushike kifua ni pigo la kawaida: wakati unashtuka, moyo umesharudi kwenye mwendo wake.

Moyo hupiga takribani mara 100,000 kwa siku. Watu wengi wenye moyo mzima wakivalishwa kipimo cha saa 24 hukutwa na mapigo ya namna hii, na wengi wao hawana habari.

Nitajuaje kama yangu ni ya kawaida?

Kwa kupimwa, si kwa kukisia wala kusoma dalili kwenye simu usiku wa manane. Daktari atakusikiliza, atapima umeme wa moyo (ECG), na akiona haja ataongeza eko ya moyo (picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti), kipimo cha kuvaa siku nzima au zaidi, au kipimo cha kukimbia kwenye mashine. Vipimo vya damu huangalia upungufu wa damu, tezi ya thairoidi na madini kama potasiamu, maana vyote hivyo huweza kuvuruga mapigo. Taja dawa unazotumia, hata za mafua, na usifiche kahawa, pombe, sigara wala usiku unaokesha.

Usianze mazoezi kabla ya kumwona daktari ikiwa umewahi kuzimia, hasa ukiwa kwenye shughuli ya nguvu. Ikiwa kifua hubana au pumzi hukata kupita kiasi unapojitahidi. Ikiwa mapigo huvurugika zaidi kadiri unavyoongeza kasi. Ikiwa una ugonjwa wa moyo. Au ikiwa kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Mapigo yanayokwenda ovyo mfululizo, bila mpangilio wowote, nayo yapimwe mapema. Huenda ni tatizo jingine linaloongeza hatari ya kiharusi, na lina tiba yake.

Kabla hujatoka kwa daktari, muulize: "Je, kuna zoezi nisilotakiwa kufanya, au kiwango nisichotakiwa kuvuka?" Wengi huondoka na majibu mazuri lakini bila ruhusa iliyo wazi, na hofu hujipenyeza hapohapo.

Nimeambiwa moyo wangu ni mzima. Mbona bado naogopa hata ngazi?

Kwa sababu mwili umeshajifunza kuchukulia mapigo ya kasi kama hatari. Hukujitakia, na si kwamba una moyo mwoga. Ukihisi pigo moja limeruka, hofu humwaga adrenalini, homoni ya mshtuko. Adrenalini huongeza kasi ya moyo na huweza kuzalisha mapigo mengine yanayoruka. Nawe unazidi kusikilizia kifua. Kadiri unavyosikilizia, ndivyo unavyohisi hata yale ambayo yangepita kimyakimya.

Kisha unaacha kutembea, unaacha kucheza na watoto. Hofu inashuka siku hiyo, lakini mwili unazidi kulegea. Baada ya miezi michache, ngazi chache tu zinakupandishia mapigo, nawe unasema, "Si mnaona? Moyo wangu mgonjwa." Moyo haujaugua, umekosa mazoezi. Hii ndiyo sehemu inayoniuma zaidi, kwa sababu mtu anajinyima kitu ambacho kingemsaidia.

Basi nianzie wapi?

Anza hata kama mapigo yanayoruka bado yapo. Usingoje siku ambayo moyo hautaruka hata mara moja, huenda isije.

Tembea dakika 10 kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kukatikakatika. Kabla ya kutoka, andika unachokiogopa kama kilivyo: "Nikifika kwenye kona ya pili nitaanguka." Ukirudi, andika chini yake kilichotokea kweli. Rudia zoezi hilohilo mpaka ulizoee, ndipo uongeze muda au mwinuko. Nyumbani unaweza kupanda na kushuka ngazi moja kwa dakika nzima, makusudi, ili moyo uende mbio, kisha ukae uutazame ukitulia bila kushika mshipa. Lengo la baadaye ni lile la Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima: angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukilifikia kwa miezi, si neno.

Hofu ikikushinda, mtafute mtaalamu wa saikolojia. Tiba ya kubadili fikra na tabia imefanyiwa kazi sana kwa hofu ya maradhi, na inasaidia.

Nikikimbia mapigo yanayoruka yanapotea, nikisimama yanarudi. Ni hatari?

Kwa moyo uliopimwa ukaonekana mzima, kwa kawaida si hatari. Unapokimbia, mapigo ya kasi huwahi kabla yale ya mapema hayajapata nafasi. Ukisimama, kasi hushuka ilhali adrenalini bado imo mwilini, ndipo yanapochomoza. Usisimame ghafla, tembea taratibu dakika 5 hadi 10.

Na saa janja inayopima mapigo?

Ivue wakati wa mazoezi, isipokuwa daktari amekuagiza uvae. Kuiangalia kila dakika ni kuuliza swali ambalo vipimo vimeshalijibu, na utulivu unaopata haudumu.

Nikishikwa na hofu katikati ya mazoezi?

Punguza mwendo, lakini usikimbilie nyumbani. Toa pumzi ndefu kuliko unayovuta, tazama kilicho mbele yako, endelea kutembea mpaka hofu ishuke yenyewe, kisha malizia ulichopanga. Lakini kifua kikibana, ukihisi kuzimia, pumzi ikikata isivyo kawaida, au moyo ukienda mbio na kukataa kutulia hata baada ya kupumzika, acha mazoezi na utafute huduma ya dharura mara moja.