Makuli wa Mto Seine katika picha ya Monet

Jina la mchoraji Mfaransa Claude Monet likitajwa, wengi hukumbuka mayungiyungi na mashua za matanga. Picha ninayoomba uitazame leo haina ua hata moja. Inaitwa Les Déchargeurs de charbon, yaani wapakuaji wa makaa ya mawe. Aliichora kwa rangi za mafuta mwaka 1875, na leo imo katika makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris. Ni ndogo, haifiki sentimita 70 kwa upana.

Mahali ni Asnières, nje kidogo ya Paris. Wakati huo Monet aliishi Argenteuil, na treni yake ya kwenda stesheni ya Saint-Lazare ilivuka Mto Seine hapohapo. Matishali ya makaa yamefungwa ukingoni. Kutoka kwenye matishali hadi nchi kavu zimelazwa mbao nyembamba, na juu yake makuli wanafuatana, hawa wakipeleka vikapu vilivyojaa, wale wakirudi na vitupu. Daraja limekata picha kwa juu, na kwa mbali moshi wa viwanda umetia anga weusi.

Anza na hizo mbao. Zinajirudia kwa nafasi zinazokaribiana, na miili ya watu inafuata mapigo yake kama wavuta makasia wa chombo kimoja. Wataalamu wengi wanaona hapo athari ya picha za kuchapwa za Kijapani, ambazo Monet alizipenda na kuzikusanya, nami naafiki.

Kisha tafuta nyuso. Hakuna. Kila mtu amechorwa kwa mipigo michache ya brashi, mwili mweusi mbele ya maji ya kijivu. Wapo wanaosema hivyo ni kumdharau mfanyakazi. Mimi sioni hivyo. Monet ameacha simulizi la mtu mmoja mmoja ili tuione kazi yenyewe: mwendo usiokatika, uangalifu wa mguu juu ya ubao, na mzigo unaorudi kabla bega halijapumzika.

Kwake mada hii ni adimu, lakini hakuwa peke yake. Mwaka huohuo mchoraji mwenzake Gustave Caillebotte alichora mafundi wakiparua sakafu ya mbao. Maonyesho rasmi ya Salon yaliikataa picha hiyo, naye akaionyesha mwaka 1876 pamoja na Waimpreshonisti, kundi la wachoraji ambalo Monet alikuwa mmoja wao. Nayo imo Musée d'Orsay, na anayepata nafasi ya kufika azitazame zote mbili siku moja.