Mfuko wa kitambaa: maana yake, na kwa nini viazi vya Kisumu hukataa kuzaa

Mfuko wa kitambaa wa kupandia ni mfuko ulioshonwa kwa kitambaa kizito kinachopitisha maji na hewa. Unatiwa udongo na mboji, kisha mmea unakulia humo badala ya shambani. Wengi tunalijua gunia la sukuma wiki lililotobolewa ubavuni. Huu hautobolewi, maana kitambaa chenyewe kinapumua. Mzizi ukifika ukingoni hukutana na hewa, ncha yake ikakauka na mzizi ukachipua matawi mapya ndani. Wauzaji hulivumisha sana jambo hilo. Kwa kiazi kinachokaa miezi mitatu au minne tu, mimi silioni kuwa kubwa hivyo. Lenye uzito kwetu ni joto.

Maji yanayopenya kitambaa hukauka ubavuni na kuondoka na joto, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Ila mfuko hupoza ukiwa na unyevu, uko kivulini na upepo unapita. Uegemeze mfuko mweusi kwenye ukuta unaotazama magharibi huko Nyalenda, mtaa wa Kisumu, kisha saa tisa alasiri uuguse upande wa jua. Kitambaa kimekauka na kina moto, na udongo ulioshikana nacho una moto vilevile.

Udongo wa nyuzi 15 hadi 20 hivi ndio kiazi hupenda. Ukipita 25, kutunga viazi kunazorota. Ukikaribia 30, karibu kunasimama. Molo, ambako viazi hustawi, iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa blanketi mbili. Kisumu iko kama mita 1,130, na mchana nyuzi 28 hadi 30 ni kawaida. Mmea hautakufa. Utarefuka, utajaa majani, majirani wakusifu, halafu siku ya kuvuna utoe viwili vitatu visivyostahili hata kumenywa.

Kosa kubwa liko usiku. Mchana majani hutengeneza sukari. Usiku ukiwa wa baridi, sehemu kubwa yake hushuka chini na kuhifadhiwa kama wanga. Usiku ukiwa wa joto, mmea huiteketeza kwa kupumua tu, na juu ya hayo joto huzuia ishara inayoziambia ncha za matawi ya chini ya udongo zianze kuvimba. Urefu wa mchana hauna lawama: hapa ikweta tuna takriban saa 12 za mwanga mwaka mzima, na kiazi hakilalamiki.

Kwa hiyo tazama kalenda kabla ya kununua mfuko. Viazi huanza kutunga wiki tano hadi saba baada ya kupandwa. Ukipanda mwishoni mwa Aprili au Mei, wakati huo utaangukia Juni na Julai, usiku unapopoa kidogo. Ukipanda Desemba, vitatunga kwenye jua kali la Januari na Februari. Walio juu kule kwenye vilima vya Riat, kando ya Kisumu, wana nafuu kidogo. Kwa mbegu, yaani viazi vya kupandia, aina ya Unica huvumilia joto kuliko aina ya Shangi iliyojaa sokoni.

Mfuko wa lita 40 unatosha mbegu mbili au tatu. Anza na udongo theluthi moja, uongeze kadiri shina linavyopanda, kisha tandaza nyasi kavu juu. Jua la asubuhi, kivuli kuanzia adhuhuri. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia, na wakati wa kiangazi hiyo ni kila siku. Msiamini picha za mfuko uliojaa viazi toka chini hadi juu: kwa aina nyingi, viazi hukaa karibu na mbegu. Udongo wa kuongezea kazi yake ni kuvifunika visipigwe na jua vikawa vya kijani, kwa kuwa kijani hicho huambatana na sumu.

Faida ambayo hakuna wa kuipinga ni udongo wako mwenyewe. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria hukaa shambani miaka, na huingia pia na mbegu iliyougua, kwa hiyo nunua mbegu safi. Mmea ukinyauka ghafla ungali wa kijani na udongo una maji, toa mfuko mzima. Udongo huo usiupandie nyanya, pilipili wala biringanya.