Kusoma Imani si Kuikiri: Ufafanuzi kwa Wazazi wa Watahiniwa wa KCSE

Kila msimu wa usajili wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, lalamiko huwa lile lile: mzazi anataka mwanawe aondolewe kwenye Elimu ya Dini ya Kihindu "asije akabadilishwa dini". Tunajua mzazi husema hivyo kwa kumpenda mtoto. Hata hivyo, hofu hii haina msingi, nasi tumeijibu mara nyingi mno.

Somo hili lina msimbo 315. La Kikristo ni 313 na la Kiislamu 314. Kila moja lina karatasi mbili, kwa hivyo tazameni kwenye ratiba 315/1 na pia 315/2. Mtahiniwa sharti asajiliwe masomo yasiyopungua 7, basi kufuta moja bila kuhesabu yaliyobaki ni hatari.

Silabasi ina dini nne: Uhindu, Ujaini, Ubuddha na Usikh. Zote hufundisha karma, yaani matendo ya mtu na matokeo yake, lakini haziielezi sawa. Kwa Wahindu wengi, nafsi ya milele, atman, huzaliwa upya kulingana na matendo. Buddha alifundisha kwamba nafsi ya kudumu haipo, ila matokeo ya matendo huendelea. Wajaini huiona karma kama chembe laini mno zinazoigandama roho. Wasikh nao husema matendo yana uzito, lakini ukombozi hutokana na neema ya Mungu mmoja. Kijana anayeweza kutenganisha hoja hizi amejifunza kufikiri, na hilo ndilo tunalolipima.

Mtahini haulizi mtoto anaamini nini. Swali likisema "eleza", aeleze. Akijaza ukurasa kwa kuikanusha imani hapati alama. Akiisifu bila kuieleza, pia hapati.

Wasafiri wengi wa Nairobi–Mombasa wamekula kwenye gurdwara (hekalu la Wasikh) ya Makindu, iliyojengwa 1926. Unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chapati, dengu na chai bila kuulizwa dini yako. Hiyo ndiyo langar, desturi iliyotokana na Guru Nanak, mwanzilishi wa Usikh, aliyezaliwa 1469. Aliyeisoma darasani anaelewa kwa nini tajiri na utingo huketi pamoja pale: usawa wenyewe ni sehemu ya imani.

Ibada ni jambo jingine. Ibara ya 32(4) ya Katiba inakataza mtu kulazimishwa kutenda lolote linalokwenda kinyume na imani yake. Shule ikimlazimisha mwanao kusali, lalamika. Ikiwa bado unataka abadilishe somo, zungumza naye kwanza, kisha mwandikie mwalimu mkuu kabla usajili haujafungwa, ukitaja jina kamili la mwanafunzi, msimbo unaoondolewa na ule unaouweka mahali pake.