Maji ya tangi yamegeuka chai ya rangi: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mtu huokota mzizi mzuri ufukweni Mikindani, akautia kwenye tangi la samaki, na siku ya tatu maji yamekuwa chai ya rangi. Hapo ushauri humiminika kutoka kila upande, na baadhi yake huua samaki ambao rangi ile isingewadhuru.

"Maji ya kahawia ni machafu." Hapana. Hiyo ni tanini inayotoka kwenye mti, ile ile inayoipa chai rangi na ukakasi. Mikoko imejaliwa nayo hasa: magome yake hutia ukili rangi, na zamani yalipakiwa melini kwenda ng'ambo kutengenezea ngozi. Chota maji kwa glasi uyatazame kwenye mwanga. Maji ya tanini yana rangi lakini ni maangavu, unaona hadi upande wa pili. Yakiwa na ukungu mweupe au yananuka, hilo ni jambo jingine, mara nyingi chakula kilichozidi. Mto Rio Negro wa Amerika Kusini una rangi hiyo hiyo mwaka mzima, na samaki wanaishi humo.

"Yatakuwa na asidi, samaki watakufa." Hapa pana nusu ya ukweli. Tanini hushusha pH (kipimo cha asidi: kikishuka chini ya 7 maji yana asidi) pale maji yanapokuwa laini, yaani yasiyo na chokaa, kama ya mvua, kwa hiyo anayekinga maji ya bati apime. Lakini maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama vilivyo vingi pwani yetu, yana chokaa ya kutosha kuimeza asidi hiyo. Anayefuga mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa waliozoea pH ya 7.7 hadi 8.6, awapangie mawe tu badala ya gogo.

"Loweka gogo kwenye klorini ya kufulia." Tafadhali usifanye hivyo. Mti hunywa, na ulichokunywa huutoa polepole ukiwa tayari ndani ya tangi.

"Gogo lililopigwa na mawimbi miaka mingi limeshasafishwa na bahari." Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu tunaoisema ni sisi tuliozaliwa kando ya bahari. Bahari haikuliosha, imelijaza chumvi. Wakati mwenye tangi anahangaika na rangi anayoiona, chumvi asiyoiona ndiyo inayowamaliza samaki wake wa maji baridi. Lizamishe gogo kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi, uyamwage na kuyabadilisha kila baada ya siku moja au mbili, kwa majuma kadhaa. Kisha lianike kivulini. Likikauka ukaona chembe nyeupe, lirudishe pipani. Kulichemsha huharakisha kazi na hutoa tanini nyingi, lakini kila maji ya kuchemshia yamwagwe. Sehemu inayomeguka kwa ukucha imeoza, ikate. Na mkoko ulio hai usiuguse, kuukata kunataka kibali. Ukiwa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, uliza kwanza hata kwa gogo lililokufa.

"Tia mkaa wa jikoni, utanyonya rangi." Mkaa unaofanya kazi hiyo hutengenezwa kwa namna ya pekee hadi gramu moja inakuwa na eneo la zaidi ya mita za mraba 500 ndani ya vitundu vyake. Wa jikoni haufiki huko, na majivu yake hupandisha pH. Ukikosa ule maalumu, badilisha robo ya maji kila wiki, na rangi itapungua yenyewe.

"Lazima rangi iondoke." Kwa nani? Wafugaji wa samaki aina ya beta na gurami nchi za mbali hununua majani makavu ya mkungu (mti wa kungu, si mkungu wa ndizi) ili maji yapate rangi hii hii. Lindi tunayafagia kila asubuhi na kuyachoma. Okota yaliyodondoka yenyewe yakiwa ya kahawia, mbali na barabara na mbali na mikorosho iliyopuliziwa salfa. Yaoshe, anza na jani moja kwa lita 40. Likianza kuchakaa usilitoe haraka, maana vifaranga vya samaki hudonoa utando unaoota juu yake.