Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi si vya waliofeli tu
Wengi nchini Tanzania huamini kwamba Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi ni vya waliofeli darasa la saba. Dhana hiyo haikuzuka hewani, kwani wahitimu wa shule za msingi wamekuwa wengi humo. Hata hivyo, vilianzishwa mwaka 1975, kwa kuiga mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, vikiwalenga watu wazima wa eneo husika, wakulima na mafundi wakiwemo. Leo, mbali na useremala, ushonaji, kilimo na kozi fupi, vingi hupokea wasichana waliokatiza sekondari kwa ujauzito. Mama huwa darasani huku mwanawe akilelewa papo hapo chuoni, huduma ambayo ni nadra katika shule za kawaida. Anayetaka uhakika aombe fomu ya kujiunga katika chuo cha jirani, asome sifa zinazotakiwa, kisha aulize cheti cha kila kozi kinatambuliwa na nani.