Miungu si Baraza la Mawaziri

Juzi tena. Saa tatu usiku simu inalia, faili la binti mmoja limeingia WhatsApp. "Shikamoo mwalimu, naomba unisomee ulimwengu wangu." Marahaba. Nikafungua. Ukurasa wa kwanza ramani, nzuri kweli, mito inashuka kutoka milimani (msicheke, wapo wanaoipandisha). Ukurasa wa pili, jedwali. Mungu wa vita. Mungu wa bahari. Mungu wa mapenzi. Mungu wa mauti, kavaa nyeusi. Kumi na wawili, kila mmoja na rangi yake, silaha yake na mnyama wake. Nikaizima simu nikaenda kula.

Nahariri fantasia, yaani hadithi za ulimwengu wa kubuni, hapa Kigoma, nyingi za vijana, na hili ni jedwali la sita mwaka huu. Sasa naandika mara moja, atakayeniletea la saba nimtumie kiungo.

Hao si miungu. Hao ni mawaziri, wamekosa makatibu wakuu tu. Na kila nikisema hivyo najibiwa: "Lakini mwalimu, Wagiriki walikuwa hivyohivyo." Hapo ndipo ninapochemka, maana Wagiriki hawakuwa hivyo hata kidogo. Jedwali la Wagiriki lilitengenezwa na vitabu vya shule.

Mchukue Poseidon. Bahari, sawa. Mbona pia matetemeko ya ardhi? Mbona farasi? Apollo anarusha mishale ya tauni kambini, na huyohuyo ndiye unayemwomba uponyaji. Vita vina Ares na vina Athena, na Athena huyo ni mlinzi wa wafumaji pia. Hata hao "kumi na wawili" orodha yao haikutulia: huku utamkuta Hestia, kwingine nafasi yake ana Dionysus. Na Zeus, mkubwa wao, mwenye radi, alikuwa pia Zeus Ktesios, mlinzi wa stoo ya nyumba, anayewakilishwa na mtungi. Mtungi! Kuna Zeus mwingine, Meilichios, aliyechongwa kama nyoka. Mwananchi wa Athens hakuamka asubuhi akajiuliza "wizara ya radi iko wapi". Alikuwa na stoo, aliogopa isiishe chakula, akamwendea Zeus wa stoo.

Warumi ndio walinimaliza kabisa. Walikuwa na Robigus, na kazi yake ni kutu ya ngano, ule ugonjwa unaotia majani wekundu. Tarehe 25 Aprili wanamchinjia mbwa ili asiwaguse. Utasema, huyo si waziri mwenye idara ndogo tu? Hapana. Tazama alikotoka: mkulima amesimama shambani, tumbo limemkaza, anatazama majani. Hofu ilitangulia, mungu akafuata. Wewe unamleta mungu kwanza halafu unamtafutia kazi, kama mjomba aliyepata cheo.

Au njoo nyumbani. Mimi ni mtoto wa Tabora. Wanyamwezi walimwita Mungu Likube, aliye juu. Walimwita pia Limatunda, muumba. Na Limi, yaani jua. Na Liwelelo, ulimwengu wote. Mtu wa jedwali hapo keshapata miungu wanne na mnyama wa kila mmoja. Ni mmoja. Tena hakuombwa moja kwa moja mara kwa mara. Mtoto akiugua, watu waligeukia mizimu ya ukoo, babu na bibi waliokufa wenye majina na wenye kinyongo. Mkuu yuko mbali, wadogo wako uani. Hili hutokea sehemu nyingi za dunia, na silioni kwenye jedwali hata moja.

Sasa fanya hivi. Shuka mwaloni, mitumbwi ya samaki inapotua, asubuhi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, sasa taa za sola na betri. Samaki anafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa yako haina maana, mitumbwi inabaki ufukweni watu wanashona nyavu. Kwa mvuvi, basi, mbalamwezi ni njaa. Ile mbalamwezi mnayoiandikia mashairi ya mapenzi! Katika ulimwengu wako, mvuvi huyo atamwita nani mungu wa mwezi, na kwa jina gani? Pengine halitaji kabisa akiwa majini. Halafu muulize mama anayeanika dagaa mchangani: anataka jua, mvua ikinyesha mtaji umeoza. Nyuma ya kilima shemeji yake ana mihogo na anataka mvua. Asubuhi moja, ukoo mmoja, maombi mawili yanayogombana, na pengine mungu ni yuleyule mmoja. Anamsikia nani? Nani alimtolea kuku mkubwa zaidi? Kuhani ni mtoto wa upande upi? Na nyama ya sadaka inaliwa na nani?

Umeona? Hadithi imeshaanza na bado hatujasema mungu huyo ana silaha gani.

Miungu pia huhama kazi bila kuomba ruhusa. Ogun, mungu wa Wayoruba wa Nigeria, ni wa chuma: wahunzi, wawindaji, vita. Magari yalipokuja, madereva na mafundi wakawa wake. Hakuna kikao kilichokaa. Gari ni chuma, basi. Kwa hiyo ulimwengu wako ukigundua baruti au treni, usiunde mungu mpya haraka. Angalia kwanza nani kati ya wa zamani atadandia.

Asili ya ulimwengu: andika ukurasa mmoja, uweke kabatini, usinitumie. Majina: yatamkike bila kukohoa. Tuendelee.

Kuna silaha moja tunayo waandishi wa Kiswahili na hatuitumii. Ni "miungu wetu" au "miungu yetu"? Wahariri tunagombana hapa. Biblia ya Kiswahili inasema "miungu mingine", ngeli ya miti na mikeka, na sidhani kuna mtu aliyeshangaa, maana hao ni wa wengine. Basi acha wahusika wako wagombane badala yetu. Muumini aseme miungu *wanakuja*. Askari wa upande wa pili, aliyekuja kubomoa hekalu, aseme miungu yenu *iko* wapi. Silabi moja tu, na msomaji ameshajua nani anaamini nini, bila aya tatu za maelezo. Ila uwe mwangalifu ukurasa mzima, maana ukichanganya bila kukusudia nitajua, na nitakuandikia kwa herufi kubwa.

Lakini nami sina uhakika na kila kitu. Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa na jedwali. Tisa, wenye rangi. Na niseme ukweli, wasomaji walilipenda, mpaka leo kuna mtu ananikumbusha mungu wangu wa shaba, wakati hadithi niliyoiandika kwa uangalifu wote huu, yenye mungu mmoja mwenye sura saba, watu waliniuliza "huyu ni nani tena?" Huenda jedwali ni daraja la msomaji, nami nalivunja kwa kiburi.

Jingine linaniuma zaidi. Hayo majina ya Tabora niliyoyataja sijawahi kuyatia kwenye fantasia. Kuna watu wanaoishi nayo, na bibi yangu aliyataja kwa sauti ya chini. Huwa nabadili jina, nabadili mlima, nabaki na umbo. Je, hiyo ni heshima, au ni wizi uliovaa kofia? Nimewauliza wenzangu wawili, mmoja Mwislamu mmoja Mlutheri, wakanijibu mimi nina kazi ya ajabu.

Yule binti nilimjibu asubuhi. Nilimwambia afute safu ya silaha, mahali pake aandike: nani anamwogopa, na kwa sababu gani. Jioni akarudisha. Mungu wa mapenzi, upande wa "nani anamwogopa", ameandika: mama mkwe. Nimemwambia aanzie hapo.