Ramani ya nyumba ya ufukweni ianze na chumvi

Wanaotaka kujenga Shangani ya Mtwara, Mikindani au pwani ya Lindi humwendea mbunifu majengo na picha kwenye simu: vioo kutoka sakafuni hadi darini, baraza pana, bwawa la kuogelea. Yote yanawezekana. Ila kabla ya mchoro wa kwanza, mpimaji aoneshe kwenye kiwanja mahali maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa kuliko siku za kawaida, yanapofika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na uzuri wa ramani hauihalalishi nyumba iliyoingia humo.

Baada ya hapo, fikra zote ziende kwenye chumvi. Upepo huileta hadi ukutani. Ikipenya zege na kuifikia nondo, nondo hushika kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo zege hupasuliwa kutoka ndani. Ufa mwembamba unaofuata njia ya nondo, wenye doa la kahawia, ni dalili ya mapema. Kuuziba kwa plasta na rangi ni kuficha ugonjwa tu.

Kwa nguzo na mihimili ya nje, dai milimita 50 za zege kati ya nondo na hewa. Nondo zishikiliwe na vipande vya zege vya unene huo, si kokoto wala mbao. Maji yasizidi lita 22 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, na yapungue kama mchanga umelowa. Zege la namna hiyo ni zito, na mafundi watashawishika kuongeza maji. Badala yake, kodi mashine ya kutetemesha zege. Mchanga wa ufukweni usitumike. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi mdomoni nayo hayafai. Zege la nje limwagiliwe siku 14, likiwa limefunikwa magunia.

Mkataba useme wazi kwamba mhandisi atapima hizo milimita 50 kwa rula kabla ya zege kumwagwa. Likishamwagwa, kosa halionekani tena mpaka litokee kwa nyufa.

Bawaba, komeo na skrubu za nje ziwe za chuma cha pua cha gredi 316. Gredi 304 huanza madoa mapema karibu na bahari. Skrubu za chuma cha kawaida zikigusa fremu ya alumini penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa.

Madirisha makubwa yapokee kusi, upepo wa miezi ya baridi na ukavu. Mvua zetu huja msimu wa kaskazi, kwa hiyo upande unaopokea upepo huo, wa kaskazini-mashariki, unahitaji paa lililotokeza zaidi. Upande wa kusini usiachwe bila kivuli pia: kuanzia karibu tarehe 20 Oktoba hadi karibu tarehe 21 Februari jua la adhuhuri hupita kusini mwetu.

Kimbunga kiliipiga Lindi mwaka 1952, na Kenneth cha 2019 kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Kenchi zifungwe kwa mikanda ya chuma iliyozamishwa kwenye mkanda wa zege juu ya ukuta. Misumari peke yake hung'oka.